Mama Mkwe Alitaka Nimrudishie Pua Yake

Mama mkwe wangu alinisimamisha koridoni asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwangu, akaniambia nimrudishie pua yake.

Hakuwa anatania. Mama mkwe wangu hatanii kabla ya chai.

"Pua," akasema. "Ile uliyoipunguza jana. Irudishe. Na viti vyangu pia."

Nikameza povu la dawa ya meno. Lote.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiishia hapo mtasema nimevuta kitu.

Mimi ni mchoraji. Si wa kuta wala wa mabango, nachora watu wa kwenye gemu la simu. Gemu letu ni la kupiga picha. Unapewa kamera, unatembea kwenye mtaa mdogo wa kuchorwa, unawapiga picha wakazi wake. Ukimpiga mtu vizuri anafurahi, anakuonyesha kona nyingine ya mtaa. Ukimpiga vibaya anakununia. Hakuna bunduki, hakuna mazimwi.

Kazi yangu ilikuwa hao wakazi: sura zao, nguo zao, wanavyosimama na wanavyonuna.

Jambo la pili mnalotakiwa kujua, na naomba msinicheke, ni kwamba nilikuwa naishi ukweni. Mimi, mke wangu na virago vyetu vyote, ndani ya nyumba ya mama yake. Tulikuja kwa muda tu. Huo muda ukawa hauishi.

Siku tunahamia mama alitupa sheria moja. Mle ndani mtu ale atakacho, alale saa anayotaka, lakini asimpige yeye picha. Atakayempiga picha abebe godoro lake aondoke.

Na si mtu wa maneno matupu. Ukifungua albamu ya harusi yetu, mama mkwe ni kiganja. Kila picha, pale anapotakiwa kuwa mama wa bibi harusi, kuna gauni zuri la zambarau, na juu yake kiganja kimenyanyuliwa kikaziba kila kitu. Wageni wakiuliza huyu ni nani, mke wangu huwajibu kwa utulivu kabisa kwamba huyo ni mama.

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa najitafutia balaa.

Bosi alitaka mkazi mmoja mkali. Bibi wa mlangoni, asiyetaka kupigwa picha, ambaye mchezaji atahangaika naye gemu zima. Nikachora mabibi wa kila aina, wote wakatoka kama wa kwenye matangazo ya sabuni. Bosi akaniambia mabibi zangu wanaonekana hawajawahi kumkaripia mtu.

Jioni nikarudi nyumbani. Mama mkwe akanikaripia kwa kuacha viatu mlangoni. Nikamtazama usoni, na badala ya kuomba radhi nikajikuta nahesabu mikunjo ya paji lake.

Sikumpiga picha, jamani. Sheria niliiheshimu. Nilimtazama tu mezani, nikaenda kumchora kwa kumbukumbu. Tena nikamficha. Pua yake ndefu yenye kigongo katikati nikaifanya fupi na bapa. Kidoti cha shavu la kushoto nikakipeleka kulia. Nikamwongezea nyonga, nikamfunga kilemba kwa mtindo mwingine. Hata aliyemzaa asingemtambua.

Kitu kimoja tu nilikichukua kama kilivyo, nacho ni ndoo.

Hapa inabidi niwaeleze habari za jirani. Nyuma ya ukuta wetu anakaa fundi simu, mzee mmoja aliyefiwa na mke kitambo, kama mama mkwe alivyofiwa na mume. Mfereji wa paa lake umepasuka, na mvua ikinyesha maji yote yanamwagika uani kwetu, juu ya kamba ya nguo. Mama alimwambia autengeneze. Hakuutengeneza. Tangu hapo wakanuniana, hakuna salamu, na mtaa mzima unajua.

Mvua ikinyesha, mama anayakinga yale maji kwa ndoo, kisha anayarusha juu ya ukuta.

"Mali yake," huwa anasema. "Namrudishia."

Basi bibi wangu wa kwenye gemu nikampa ndoo. Ukimpiga picha bila kumsalimia anakumwagia maji, kioo chote kinalowa. Bosi alicheka mpaka akakaa chini.

Tukatoa toleo la majaribio. Wachezaji wakaruhusiwa kuandika maoni na kuyapigia kura, na hapo bosi akaweka utaratibu ulioniponza. Maoni yakipata kura nyingi, mchoraji anayatekeleza kabla ya Ijumaa. Hakuna kubishana. "Mchezaji hakosei," ndio ulikuwa msemo wake, tena aliuchapisha akaubandika ukutani juu ya kiti changu.

Maoni ya kwanza yaliyopata kura nyingi yalitoka kwa mtu aliyejiita Nimelowa.

Aliandika kwamba bibi ni mzuri ila pua si yake. Uso ule unataka pua ndefu.

Nikaona huyu ana jicho. Nikairefusha.

Ijumaa iliyofuata akataka irefuke zaidi, na iwe na kigongo katikati. Nikaweka kigongo. Akasema kidoti kimekosea shavu, nikakihamisha. Akasema nyonga zimezidi, bibi wa tabia ile lazima awe mwembamba. Nikapunguza. Akasema fundo la kilemba linakaa nyuma ya sikio, si mbele.

Kila wiki namvua bibi kitu kimoja nilichomfichia, na kila wiki anazidi kufanana na mtu anayenipakulia chakula.

Nikajipa moyo. Nikajiambia dunia ni kubwa, mabibi wenye pua za vigongo ni wengi.

Kisha Nimelowa akaandika: "Ndoo huwa anairusha kwa mkono wa kushoto."

Nikashusha pumzi. Hapo amebugi, nikasema. Mama mkwe anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa mkono wa kulia, mlango wangu anaugonga kwa mkono wa kulia.

Jumamosi mvua ikanyesha. Nikasimama dirishani. Mama akatoka, akakinga maji, akabadilisha mkono, akarusha kwa kushoto.

Nikaenda kukaa kitandani. Mke wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Jumatatu nikajaribu kujiokoa. Nikamvisha bibi miwani ya jua, mikubwa, ya kufunika nusu ya uso. Nikamwambia bosi ndio mtindo wa sasa. Kufika mchana maoni yakawa hayasomeki kwa matusi. "Mmemfanya nini?" aliandika Nimelowa, na kura zake zilizidi za maoni mengine yote ukiyajumlisha.

Bosi akaniita, akanionyesha grafu. Ana grafu ya kila kitu yule mtu. Akasema kuna eneo moja ambalo wachezaji wamejaa ajabu, wote wanampenda bibi, na wote wanataka kitu kilekile. Soko limejitokeza lenyewe, akasema, halafu wewe unalivisha miwani.

Sikuuliza ni eneo gani. Ningeuliza, ningejiokoa na mengi.

Miwani ikatoka. Ndipo akatokea mchezaji wa pili, anayejiita Sina Shida Na Mtu.

Huyu alikuja na ukali wake. Aliuliza kwa nini bibi anasimama mlangoni siku nzima, kwani yeye ni mlinzi? Apewe kiti. Nimelowa akamuunga mkono, na Nimelowa akiunga mkono kura zinamiminika. Nikachora kiti.

"Viwe viwili," akaandika Sina Shida Na Mtu.

"Cha pili cha nani?" akauliza Nimelowa.

"Cha yule anayepiga picha kila siku bila kusalimia."

Nimelowa akapotea. Siku ile hakuandika kitu. Kesho yake, kwenye lile sanduku la maoni ya kurekebisha michoro, akaandika maneno matatu tu: "Habari za asubuhi."

Yakapata kura kuliko maoni yoyote tangu gemu lianze. Bosi akaja mbio mezani kwangu kuuliza tutaitekeleza vipi habari za asubuhi kabla ya Ijumaa.

Nikatekeleza, ningefanyaje? Ukimsalimia bibi kabla ya kumpiga picha, anakuvutia kile kiti cha pili. Watu wakapagawa. Hata wachezaji wa mbali, wasiojua lolote, wakawa wanasalimia simu zao.

Sina Shida Na Mtu hakuridhika. Akasema mtaa wetu hauna mwanamume wa maana. Tumuweke mmoja, mtu mzima, amefunga vifungo vya shati bila mpangilio, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na bado anaitafuta, anatembea kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Maelezo matamu kwa mchoraji. Nikakaa, nikachora. Mabega yaliyoinama. Kidole gumba chenye alama ya kuungua, maana aliongeza na hiyo. Nikaja kwenye vifungo, nikavikosesha kimoja kimoja, nikasogea nyuma niitazame kazi yangu.

Jirani yetu fundi simu alikuwa ananitazama kutoka kwenye kompyuta.

Nikaiweka kalamu chini. Nimelowa. Nani mwingine duniani amelowa kwa ile ndoo? Nani mwingine anajua inatoka mkono gani?

Nikapiga hesabu zangu haraka, na zote zikaja vibaya. Yule mzee ni adui wa nyumba. Amegundua nimemchora mama mkwe bila ruhusa. Amekuwa akinivuta taratibu, nimvue bibi kila nilichomfichia, mpaka afanane kabisa. Na huyu Sina Shida Na Mtu bila shaka ni mwenzake, wanasaidiana. Siku ikifika atanyanyua simu juu ya ukuta, amwonyeshe mama, na mimi nitaonekana barabarani na godoro kichwani.

Nilimwonea huruma zaidi mke wangu, maana godoro ni zito na yeye angeshika upande wa pili.

Siku hiyohiyo sikusubiri Ijumaa wala kura. Nikaikata pua. Nikaondoa viti vyote viwili. Nikarudi nyumbani, nikala kimya, nikawapongeza kwa mboga.

Na asubuhi yake ndio hiyo ya koridoni.

"Pua gani, mama?" nikajaribu.

"Baba, usinichezee akili."

Akachomoa tableti ya mke wangu kutoka kwapani, akanigeuzia. Bibi wangu huyo hapo, na pua yake fupi, amesimama mlangoni hana hata pa kukaa.

Kumbe mke wangu aliliweka gemu kwenye tableti tangu wiki ya kwanza, ili anipigie kura nzuri kama mke mwema. Mama akaliona siku hiyohiyo. Akamwambia bintiye afunge mdomo, na bintiye akaufunga kweli. Mimi nikawa naugua tumbo peke yangu.

"Ulinipa pua ya mtu mwingine, nikanyamaza," akasema mama. "Ukanipa nyonga za nani sijui, nikanyamaza. Lakini nikaona kuna mtu anakurekebisha, na anakurekebisha sawasawa. Nikajiuliza, nani huyu ananijua namna hii?"

"Ulimjua lini, mama?"

"Kwenye mkono wa kushoto."

Akakaa kwenye kile kibenchi cha viatu. Sijawahi kumwona akikaa pale, huwa anatukataza. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na mimi sauti yake ya chini sikuwa naijua.

Akasema tangu mumewe afariki, watu wa nyumba wanamtazama pale tu wanapotaka kujua chakula kimeiva au bado. Wenye kamera ndio wabaya zaidi, wanakuja, wanakwapua sura moja mbaya, wanaondoka nayo maisha. Akasema hapa kwenye hiki kitu kuna mtu anamtazama kila siku, anasema hapana, hayuko hivi, rekebisheni. Na inarekebishwa. Hata fundi wa nguo hajawahi kumsikiliza hivyo.

Nilisimama pale na mswaki wangu, aibu imenijaa. Nilikuwa nimemtazama yule mama kwa wiki nyingi kuliko mtu yeyote, na sikuwa nimemwona.

"Kwa hiyo Sina Shida Na Mtu..."

"Kwani nina shida na mtu?" akaniuliza.

Kuna maswali mtu mwenye akili hajibu akiwa ukweni.

Akajifuta uso, akawa yeye tena. Akaniambia nikate kona niende upande ule, nikamwambie yule mtu kwamba kile kiti cha pili siyo cha kwenye tableti.

"Mimi, mama?"

"Miezi yote hii ni nani alikuwa anapeleka maneno? Leo ndio umechoka?"

Hapo ndipo taa ikawaka kichwani. Nilikuwa mshenga. Mshenga kamili, mwenye mkataba wa ajira na kompyuta ya kampuni, na sikuwa na habari.

Nikazunguka ukuta. Sikuwahi kukanyaga ile karakana, kwa kuogopa kuonekana msaliti. Nikasukuma mlango.

Juu ya meza ndefu kulikuwa na simu zimepangwa mstari, za kila aina, nyingine hazina hata mfuniko wa nyuma. Zote zimewashwa. Kwenye kila kioo, mama mkwe wangu mwenye pua fupi alikuwa ananikodolea macho.

Mzee alikuwa anapita toka simu hadi simu, anagusa kioo, anasogea nyingine, anagusa. Alikuwa anapiga kura ya kuirudisha pua.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka na bila kuficha kitu. Akaniambia kila simu inayoletwa, akishabadilisha kioo lazima ajaribu mguso, spika na mtandao, na gemu letu linajaribu vyote kwa mpigo. Basi akishajaribu, anapiga kura kidogo. Mwenye simu akija anaichukua na gemu lake ndani.

Nikaikumbuka grafu ya bosi. Eneo lenye wachezaji wengi ajabu, wote wanataka kitu kilekile. Soko letu lote lilikuwa meza moja ya simu mbovu.

Nikatoa ujumbe wangu. Nilitoa kama ulivyotolewa, neno kwa neno.

Mzee akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Bisibisi ikamdondoka.

"Kasema hivyo mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

Akakaa. Mikono yake, inayolehemu vitu vidogo kuliko chembe ya mchele, ikaanza kufungua vifungo vya shati na kuvifunga upya, bado bila mpangilio. Nikauliza lile lililokuwa linanikera tangu nihamie.

"Mzee, wewe unafufua hata simu zilizozama chooni. Mfereji mmoja wa paa umekushinda kuziba?"

Akatazama dirishani, kwenye ule ukuta.

"Ningeuziba," akasema, "angenirushia nini?"

Pua niliirudisha kabla ya saa sita. Viti pia.

Bosi nilimweleza ukweli wote, pamoja na habari ya ile meza. Aliikodolea macho grafu yake, nami nikaanza kukusanya kalamu zangu. Mwisho akaniuliza kama huyo fundi anaweza kupokea simu nyingi zaidi.

Harusi yao ilikuwa ndogo. Mpiga picha alikuja na vifaa vyake vyote, masikini. Ukifungua ile albamu, kila picha ina gauni zuri na kiganja, na pembeni yake suti iliyofungwa vifungo bila mpangilio na kiganja kingine, kikubwa, chenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba.

Picha iliyotundikwa sebuleni ni nyingine. Ni ya kwenye gemu, imechapishwa na kuwekewa fremu. Bibi mwenye pua ndefu yenye kigongo na mzee mwenye miwani kwenye paji la uso, kila mmoja kwenye kiti chake. Mama aliipiga mwenyewe kwa tableti, baada ya kuwasalimia wote wawili.

Kisha akabeba vitu vyake akahamia upande ule wa ukuta, akatuachia funguo za nyumba. Kwa hiyo mimi sikuhama ukweni, ukweni ndiko kulikonihama.

Kama mnataka funzo, langu ni hili. Mtu akiilalamikia kazi yako kila siku, usikimbilie kumwita adui. Mchunguze kwanza. Huenda ndiye peke yake aliyeitazama kweli, na huenda hata anachokitazama siyo kazi yako.

Mvua ya kwanza baada ya harusi ilinyesha mchana, tuko nyumbani. Mfereji ulikuwa bado umepasuka vilevile, na maji yakamwagika kwenye kamba ya nguo kama kawaida. Mke wangu akanitazama. Nikamtazama. Nikachukua ndoo, nikakinga, nikarusha juu ya ukuta.

Nikasikia mama anafoka kule. Kisha nikasikia watu wawili wanacheka.

Jumatatu, kufika kazini, maoni yenye kura nyingi kuliko yote yalikuwa ya Sina Shida Na Mtu.

"Mkwe anarusha ndoo kwa mkono wa kulia. Arekebishwe kabla ya Ijumaa."